Mifuo Minne ya Mtutu wa Baba

Jumatatu, 3 Juni

Shafti ya mashine ya kusaga ya Isevya tena. Imeliwa upande uleule. Niliwaambia watie grisi, wanatia mafuta ya kupikia. Hovyo kabisa. Nimekereza mpaka mgongo ukagoma.

Mchana Wakili Salha akapiga simu. Ripoti ya risasi imetoka. Nikaenda ofisini kwake Gongoni na nguo zangu za kazi, vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi, nikakalia kiti chake cha kitambaa bila kuuliza. Mama wa watu ana adabu za kwao, ukoo wa Waarabu waliofanya biashara mji huu tangu babu wa babu. Mimi leo sikuwa na adabu.

Naandika kila kitu kwa mpangilio maana hasira hunisahaulisha. Mdogo wangu Maganga yuko mahabusu tangu mwezi uliopita. Wanasema amemuua Ndulu, mrina asali mwenzake wa Sikonge. Ndulu alikutwa asubuhi porini, chini ya mti wenye mzinga wake, ana tundu kifuani. Mwaka jana yeye na Maganga waligombea mizinga, kila mtu anajua. Na kila mtu anajua Maganga alirithi gobore la marehemu baba. Ugomvi na gobore. Basi, upelelezi umekwisha, mfungeni.

Sasa ripoti yao wenyewe inasema risasi iliyotolewa mwilini mwa Ndulu ina alama za mifuo, mistari inayochimbwa ndani ya mtutu. Minne. Imesokota kuelekea kulia.

Mifuo! Gobore lina mifuo wapi? Gobore ni bomba. Nimekuwa fundi wa silaha jeshini mpaka nilipostaafu, nimesafisha mitutu mingi kuliko sahani nilizolia. Wana karatasi mkononi inayosema Maganga hakupiga ile risasi, na bado wanamlaza sakafuni.

Nimerudi nyumbani sijala.

Alhamisi, 6 Juni

Bi Salha kaja karakana. Anataka kuelewa kabla hajasimama mbele ya hakimu. Nimempenda kwa hilo. Wengine wangejifanya wanajua.

Nimemkatia kipande cha bomba la maji, nikampa achungulie. Laini. Nikamwambia hilo ndilo gobore. Mafundi wetu wa vijijini hutumia bomba kama hili, au chuma cha usukani wa gari bovu. Wanaziba nyuma, wanatoboa kijitundu cha moto, wanashindilia baruti na kipande cha risasi kwa mbele, kwa ufito. Risasi inatoka ikigonga huku na huku. Alama inayobeba ni mikwaruzo tu.

Bunduki ya kweli imechimbwa mistari ndani, inazunguka taratibu kama uzi wa skrubu uliovutwa ukawa mrefu. Ndiyo mifuo. Risasi ikipita inabanwa na kuzungushwa, inatoka ikiwa inazunguka, ndiyo maana inanyooka. Na mifuo inaiachia chapa. Zipo aina. Ile bunduki ya Waingereza tuliyofundishiwa zamani ilikuwa na mitano, inazunguka kushoto. Za Wajerumani minne, kulia. SMG nayo minne, kulia, lakini tundu lake ni jembamba. Kuna bastola za siku hizi hazina mistari yenye kingo kabisa. Ndani tundu lina pembe zilizoviringwa, kama chupa ya plastiki uliyoiminya, na risasi inatoka karibu safi, wapimaji wanalalamika.

Akauliza, “Na hapa wanaposema upana wa milimita kumi na moja, risasi tupu bila ganda la shaba?”

Mwanamke makini. Nikamwambia hiyo ni bunduki kuukuu ya Kijerumani. Zile walizopewa askari wao wa mwanzo walipokuja huku kwenye njia ya misafara, kabla hata ya vita vyao na Wabelgiji. Mtutu mpana, risasi nzito isiyo na ganda, mifuo minne ya kulia. Kuna mtu kule Sikonge anayo kwenye dari lake. Wamtafute huyo!

Aliandika yote. Kisha akasema kitu kimoja tu kimebaki. Tunasema gobore halina mifuo, lakini gobore lenyewe liko wapi? Polisi walipekua hawakulipata. Likija mezani, limechunguliwa na kila mtu, hakuna kesi.

Kweli tupu. Kwa nini limefichwa? Kitu kinachomtoa mtu gerezani kinafichwa vipi? Jumamosi naenda Sikonge.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi na basi la jioni. Nimekasirika na nimechoka, na koo limekauka kwa kufoka.

Shemeji Veronika, mke wa Maganga, kanipokea vizuri. Shikamoo, maji ya kunawa, ugali, mlenda, kuku. Nikamuuliza gobore liko wapi. Hajui. Nikamuuliza tena. Hajui. Nikamweleza habari ya mifuo, nikachora mavumbini kwa kijiti. Anatazama mchoro kama mtu anayeoneshwa nyoka. Mwisho nikapaza sauti. Nikamwambia mumeo ananyongwa wewe unachambua mlenda. Watoto wakatoka nje. Yeye akakusanya vyombo.

Sielewi. Kusema kweli nimemchukia leo.

Shija alikuwepo, kaka yake Veronika. Anaziba ukuta wa bani la kukaushia tumbaku, udongo mpaka kwenye viwiko. Kijana mpole, tangu Maganga akamatwe ndiye anayewaletea kuni na kuwachotea maji kwa baiskeli. Kanisalimia ameinamisha kichwa, akarudi kwenye udongo wake. Nikamwambia Veronika, ili na kaka yake asikie, kwamba angalau kuna mwanaume mmoja aliyebaki kwenye nyumba hii.

Nikapita nilipozaliwa. Pale baba alipokuwa na mvuo wake wa kuvuvia moto wa uhunzi pameota magugu. Gobore la baba lilikuwa la kijiji kizima. Mwindaji asiye na lake aliliazima, na alipolirudisha alilirudisha na paja la mnyama. Paja la bunduki, ndivyo tulivyoliita. Mwenye bunduki akilila amekubali mawindo. Akilikataa, analichukua mwenyewe au mkewe, mchana, analiweka mlangoni kwa aliyeazima. Haongei. Kila mpita njia anaelewa: kilichofanywa na bunduki yangu, mimi simo. Nilimwona baba akifanya hivyo mara moja tu maishani. Mtu alimpiga pongo mwenye mimba. Yule mtu hakukaa, alihamia Usinge na familia yake, hakurudi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kituoni. Nilijua nisiende.

Mpelelezi wa kesi ni kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nikamwekea nakala ya ripoti mezani, nikamsomesha. Mifuo, msokoto, upana. Nikamuuliza kama wanasoma wanachoandika. Nilisema na maneno mengine ambayo siyaandiki. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Mzee, shikamoo. Hukunipa nafasi ya kukuamkia. Hilo gobore, umewahi kulichungulia ndani?”

Nikamwambia nimelishika kabla mama yako hajafikiria kukuzaa.

“Kushika siyo kuchungulia, mzee wangu.”

Ebo! Mtoto mdogo ananifundisha mimi mtutu. Nimetoka nimegonga mlango. Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu, sikutaka hata bodaboda anisemeshe.

Jumanne, 11 Juni

Kushika siyo kuchungulia. Pumbavu.

Nimevunja keekee mbili leo kwa kusukuma kwa hasira.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwona Maganga. Amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Sehemu ya kuongea ni kelele tupu, kila mtu anapiga ukelele na ndugu yake. Nimempa habari njema zote. Ripoti, mifuo, Bi Salha anavyojiamini. Nilitegemea atafurahi.

Hakufurahi. Alikuwa anaangalia mikono yangu. Kisha akasema, “Kaka, liache gobore lilipo.”

Nikamuuliza kwa nini. Akasema tena, liache. Nikamuuliza liko wapi. Akasema niwasalimie watoto. Nikamwambia wewe ni mjinga, umezaliwa mjinga, na mama alikudekeza. Askari akasema muda umekwisha. Maganga alikuwa bado anasema wasalimie watoto.

Nikanunua machungwa ya kumwachia, wakayapokea. Nimekaa kituo cha basi nimeshikilia mfuko mtupu, sijui kwa nini sikuutupa. Yule mtu ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni kutoka Sikonge mpaka kliniki ya misheni alipougua surua. Anachonifanyia sikielewi, na hasira zangu sasa hazijui zimwendee nani.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani. Mchungaji kaombea familia zote mbili. Mjane wa Ndulu amekuja mjini kwa dada yake, kakaa benchi la mbele na kitambaa cheusi. Tulipotoka tukakutana mlangoni. Kanisalimia. Mimi nilishaanza kumkasirikia hata kabla hajafungua mdomo, nikidhani atanitukana. Hakunitukana. Alisema tu kwamba anataka kujua. Basi. Anataka kujua.

Nikamwambia atajua, mama. Nikajisikia mtu wa maana.

Jumatano, 19 Juni

Naandika kwa mpangilio tena.

Veronika kaja na basi la kwanza. Juu ya basi kapandisha mzinga wa gogo, mkuukuu, umepasuka, nyuki walishauhama. Kondakta kamcheka njia nzima. Wabebaji wakaushusha mpaka karakana, akakaa chini kando yake, akaniambia nifunge mlango. Nikafunga.

Akatoa kifuniko cha mzinga. Ndani, magunia. Ndani ya magunia, mtutu wa gobore la baba, umetolewa tako. Na kitu kingine kimefungwa kwenye majani makavu ambacho sikukijali. Nilikuwa nimeshaushika mtutu.

Nilifurahi kama mpumbavu. Nikamwambia ahsante shemeji, umemwokoa mumeo. Hakunitazama.

Nikachungulia kwa mbele. Masizi ya baruti, na mdomo laini. Nikacheka kabisa. Nikataka kumpigia Bi Salha papo hapo. Lakini fundi ni fundi, huwezi kupeleka silaha mezani ikiwa chafu. Nikaubana mtutu kwenye jiliwa, nikamwaga mafuta ya taa, nikafungua kizibo cha nyuma. Kilikataa, nikakipasha moto, kikalegea. Nikapitisha kitambaa mara nyingi mpaka kikatoka cheupe. Nikaelekeza dirishani.

Mifuo.

Inaanza kiasi cha urefu wa kidole kutoka mdomoni. Baba aliula mdomo kwa tupa, aupanue, ili kushindilia kuwe rahisi. Ndiyo maana kila aliyeangalia kwa mbele aliona laini. Nyuma ya hapo, mistari minne imekaa sawa kama ilivyotoka kiwandani, mipana, inazunguka kulia. Nimepima tundu. Milimita kumi na moja.

Baba hakutumia bomba. Yeye, fundi wa Sikonge, aliokota au alinunua mtutu wa askari wa Mjerumani, akauziba nyuma, akautoboa kijitundu cha moto, akauita gobore. Nimelala chini ya hiyo bunduki utoto wangu wote. Nimewaambia mawakili, polisi, wasagishaji na wauza mkaa wa mji huu kwamba atafutwe mtu mwenye mtutu wa Kijerumani. Ni sisi. Ni dari letu.

Na risasi tupu isiyo na ganda, nani anapiga risasi kama hiyo leo kama siyo mtu anayeyeyusha mwenyewe kwenye sufuria? Hilo lilikuwa kwenye ripoti tangu siku ya kwanza. Lilikuwa mbele ya pua yangu nikaliruka kwa sababu nilikuwa nafoka.

Nikamgeukia Veronika nikafoka tena. Kwamba mumeo ni muuaji. Kwamba amekaa pale anataka salamu za watoto na amemwacha mwanamke mwenzio mjane. Nilisema vibaya sana. Alikivuta kile kifurushi cha majani, akakifungua miguuni pangu.

Paja la pongo. Zima. Limekaushwa kwa moshi, halijakatwa hata pande.

Nikaweka mtutu chini.

Alhamisi, 20 Juni

Mtu aliyewinda mwenyewe hajiwekei paja la bunduki. Anachuna, anagawa, anakula. Paja zima lina maana moja tu. Gobore liliazimwa.

Veronika kalala chumba cha nyuma. Asubuhi nimemuuliza, safari hii kwa sauti ya kawaida. Akasema bila kulia. Shija. Kaka yake. Aliliazima jioni kwenda kutegea wanyama wanaokuja majini alfajiri. Alilirudisha jua linachomoza, na paja, akasema wabeja shemeji, asante, akaondoka haraka. Maganga alikuwa ananoa kisu alikate ndipo wakasikia mayowe kutoka kwa kina Ndulu. Kisu akakiweka chini. Wakaangaliana. Tangu hapo mumewe hajasema jina la Shija hata mbele yake. Alimwambia tu, “Ni mjomba wa wanangu,” akatoka nje polisi walipokuja.

Na huyu Shija anawaletea kuni! Anawachotea maji! Nikamsifu, mimi, kwa mdomo wangu, nikamwita mwanaume!

Nimezunguka karakana nimepiga teke ndoo. Nimemkasirikia Shija, na Maganga kwa kujifanya mtakatifu, na baba kwa kuula mdomo wa mtutu na kufa bila kusema. Nimemkasirikia hata Ndulu kwa kwenda mzingani mapema vile.

Halafu nikatulia, na nilipotulia ndipo nilipofikiri jambo baya.

Lezi ninayo, mashine yangu ya kukerezea. Keekee ndefu ninayo, ile niliyotengeneza kwa ajili ya mabomba ya pampu. Mtutu ni chuma cha kizamani, laini. Naufunga, naupitisha mara moja, mifuo yote inatoka kama maganda ya muhogo. Napitisha msasa, narudisha masizi kwa moto. Kabla chai haijapoa, gobore la baba limekuwa bomba, vilevile nilivyoapa kwa kila mtu. Bi Salha anaweka mezani. Yule kijana mwenye shati la pasi anachungulia, anaona laini. Maganga anarudi nyumbani. Shija anabaki mjomba wa watoto. Mimi nabaki fundi aliyekuwa sahihi.

Anayekosa ni mmoja tu, yule aliyesema anataka kujua.

Nimeufunga mtutu kwenye lezi. Nimeukaza. Nimeuzungusha kwa mkono kuona kama umenyooka. Umenyooka vizuri sana. Nikaweka kidole kwenye swichi.

Veronika alikuwa amesimama mlangoni na vikombe. Anajua lezi ni nini. Akauliza, “Ukimaliza hapo, litakuwa kama hakuna aliyelipiga?”

Nikasema ndiyo.

Aliweka vikombe juu ya pipa. Hakuniambia niwashe, hakuniambia niache. Nikamfokea atoke, ananizuia mwanga. Akatoka.

Sikuwasha. Lakini sikuufungua pia. Uko pale mpaka sasa, nauona kutoka hapa ninapoandika. Kesho.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeamka, Veronika hayupo. Kalitandika godoro, kafagia. Mzinga upo. Paja halipo.

Nikapiga simu yake, haipokelewi. Nikakaa mbele ya lezi asubuhi nzima. Mteja kaja na spoku za baiskeli, nimemfukuza.

Mchana kapiga mwenyekiti wa kitongoji chao, mtu ninayemfahamu tangu shule. Sauti yake ilikuwa ya chini. Naandika alivyosema.

Leo ni siku ya soko la tumbaku, njia imejaa watu na baiskeli na mikokoteni. Veronika ameshuka kwenye basi, hakupita kwake. Amekwenda moja kwa moja nyumbani kwao alikozaliwa, anakokaa Shija na mama yao. Kifurushi amekibeba kichwani. Ameingia uwanjani, amekifungua, ameliweka paja kizingitini. Mama yake mzazi alikuwa amekaa hapohapo anapepeta. Veronika hakumsalimia. Hakumsalimia mama yake! Amegeuka akaondoka, na watu wote wa tumbaku wamesimama wakitazama.

Shija akatoka ndani. Akalitazama. Mwenyekiti anasema alikaa chini kando ya lile paja, mgongo kwenye mlango, na hakuna aliyemsogelea. Alipokwenda mwenyekiti mwenyewe, Shija akasema, “Niliona moshi unasogea na kitu kimeinama. Nilidhani mnyama anakimbia moto.” Ndulu alikuwa anafukiza nyuki. Akasema alipofika karibu aliona ni mtu, na alikuwa amekwishakufa. Akakaa naye. Kisha akarudisha bunduki na paja la pongo aliyekuwa amempiga kabla ya hapo, kama kawaida, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Sasa yuko njiani na mwenyekiti, anakwenda kituoni kwa miguu yake.

Nimeweka simu chini. Nimeufungua mtutu kutoka kwenye lezi. Sijauharibu. Lakini nisijidanganye humu ambamo hakuna anayesoma. Kama yule mwanamke angechelewa siku moja, sijui. Ningewasha, nadhani.

Hasira ilikuwepo bado, ila haikuwa na pa kukaa. Veronika hakufoka hata mara moja.

Jumanne, 25 Juni

Jana nimeupeleka mtutu kwa Bi Salha. Nimemwambia nilikosea. Nimemwonesha mdomo ulioliwa kwa tupa, nimemwonesha mifuo. Alichungulia muda mrefu. Akasema laiti angesimama mahakamani na maneno yangu wangemla nyama. Alisema kwa upole, ndiyo ikaniuma zaidi.

Leo kituoni. Yule mpelelezi kapokea mtutu na glavu, kaandikisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, nilikuwa na jibu tayari. Hakunikejeli. Kaniuliza kwa dhati baba aliziba vipi kizibo cha nyuma kisifyatuke. Nikamweleza. Nilijikuta nimekaa namweleza. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Bi Salha anasema kwa Shija itakuwa kuua bila kukusudia, hasa kwa vile kajisalimisha. Si kitanzi. Maganga atatoka lakini taratibu zina mwendo wake, na ana la kujibu kuhusu kuazimisha bunduki na kunyamaza.

Nimemuuliza kama Maganga ameambiwa ni nani aliyelirudisha paja. Ameambiwa. Amesemaje? Aliomba apelekwe ndani.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana usiku kucha. Bati la karakana linavuja pale pale.

Maganga yuko nyumbani tangu mwezi uliopita. Shija bado yuko ndani, kesi yake haijaisha. Mama yao hataki kumwona Veronika. Amemkatalia uwanja, hata msiba wa shangazi hakuitwa. Mjane wa Ndulu ndiye anayempelekea mbegu na kukaa naye jioni. Hawaongei sana, anasema Maganga.

Maganga na mimi hatujagombana. Tungegombana ingekuwa nafuu. Amelima, amekarabati mizinga. Alinitumia asali ya mkubwa, ile ya kwanza ya msimu ambayo huletwa kwa kaka, kwenye ndoo yake ya kawaida. Haikuwa pungufu. Nilipima kwa macho, nikajionea aibu.

Leo walikuja mjini kanisani, wote wawili na watoto. Baada ya ibada wakaja kunisalimia karakana. Maganga alikaa kwenye kiti cha mbao akaanza kuangalia lezi. Hajui nilikaribia kufanya nini nayo. Veronika anajua, na hajamwambia. Nimeona hivyo usoni mwake alipoipita.

Watoto wakashika kila kitu. Veronika akaja mbele yangu, kanga imelowa mabegani, akapiga goti kidogo kama kawaida yake, akafungua mdomo aniamkie.

Nikamwahi. Nikasema, “Shikamoo, shemeji.”

Maganga akageuka. Watoto wakacheka, wakadhani baba mkubwa anatania. Veronika alibaki amepiga goti nusu, hajui ainuke au aendelee. Niliona haya lakini sikulirudisha neno langu.

Hakuitika. Aliniangalia, akainuka, akafuta kiti cha pili kwa upindo wa kanga, akakaa. Nikawasha jiko, nikawachemshia chai.